Ujasiriamali Ufundishwe na Waliouza na Kununua

Mwezi wa Juni wa mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa katika Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam kufanya usaili wa nafasi 70 za kazi katika Idara ya Uhamiaji. Na miaka kumi na moja baadaye, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji waliojitokeza walizidi 100,000. Kwa kila kijana mmoja aliyepata kazi ile mara ya kwanza, zaidi ya mia moja na arobaini walirudi kwao mikono mitupu, na hapana mtu mwenye insafu awezaye kusema kwamba wote hao walikuwa wavivu au wajinga. Walisoma kama walivyoambiwa wasome, wakafaulu kama walivyoambiwa wafaulu, kisha wakakuta mlango walioahidiwa ni mwembamba kuliko tundu la sindano.

Tangu hapo, na hata kabla ya hapo, jibu linalotolewa na viongozi, wakuu wa vyuo na wageni rasmi wa mahafali limekuwa moja: kijana asingoje kuajiriwa, na ajiajiri. Vyuo vikuu navyo vimeitikia mwito huo kwa kuongeza somo la ujasiriamali katika mitaala yao, hata leo ni nadra kumpata mhitimu wa chuo chochote, awe amesomea sheria, uhandisi au lugha, ambaye hakupitishwa katika mihadhara ya somo hilo. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba jibu hilo lina ukweli mkubwa ndani yake, kwa kuwa hapana serikali, hata ingekuwa tajiri kiasi gani, iwezayo kuwaandikia mishahara watu wote inaowasomesha. Walakini naamini vilevile, na ndilo neno ninalotaka kulisema bila kificho, kwamba namna tunavyoufundisha ujasiriamali hivi sasa haiwezi kuzaa wajasiriamali, maadamu tumeufanya somo la kuhifadhiwa na kutahiniwa, ilhali kwa tabia yake ni kazi ya kutendwa chini ya jicho la mtu aliyekwisha kuitenda.

Ili tuelewe jinsi tulivyofika hapa, yafaa tukumbuke asili ya mapatano yaliyokuwapo baina ya shahada na ofisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kikiwa ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiojaza hata chumba kimoja cha kawaida cha darasa. Na nchi iliyokuwa ikijitwalia uhuru wake mwaka huohuo ilikuwa na haja kubwa ya mahakimu, mabwana shamba, madaktari, wahandisi na makatibu wa wizara, kiasi kwamba kila aliyehitimu alikuwa na kiti kinachomngoja kabla hajavua joho. Hata sensa ya mwaka 1967 ilipofanywa, watu wa Tanzania hawakuzidi milioni 12 na ushei, na wasomi miongoni mwao walikuwa wa kuhesabika. Ilikuwa haki na ilikuwa busara kwa serikali kumsomesha kijana kwa fedha ya umma na kisha kumpangia kazi ya umma, na kwa kijana kuitazama shahada yake kuwa ndiyo barua yake ya ajira.

Lakini mapatano hayo yalivunjika kimyakimya. Mwaka 1986 nchi iliingia katika mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka iliyofuata serikali ilipunguza watumishi wake, mashirika ya umma yakauzwa au yakafungwa moja baada ya jingine, na zile nafasi ambazo zamani zilimngoja mhitimu zikawa haba kila mwaka. Wakati huohuo vyuo viliongezeka, vya umma na vya binafsi, wanafunzi wakaongezeka maradufu na maradufu, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 61,741,120, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Kila kitu kikabadilika isipokuwa matarajio yetu: mzazi bado anauza ng'ombe wake kwa kutumaini mshahara wa mwana, mwana bado anachagua masomo yake kwa kutumaini ofisi, na mwalimu bado anafundisha kana kwamba ofisi ile ingalipo.

Hatukuwa watu wa kwanza kuliona jambo hili, na hilo ndilo linalonitia hofu. Mwezi wa Machi wa mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akionya kwamba shule tulizorithi kwa wakoloni zilikuwa zikimtenga mtoto na kazi ya watu wake na kumwandaa kwa nafasi chache za mishahara ambazo wengi hawangezipata kamwe. Akataka kila shule iwe pia mahali pa uzalishaji, na wanafunzi wawe ni watu wanaopanga, wanaotenda na wanaohesabu mapato ya kazi yao wenyewe. Miaka saba baadaye, katika Azimio la Musoma la mwaka 1974, ikaamuliwa hata kijana wa chuo kikuu afanye kazi kwanza ndipo aende kusoma. Fikra hizo zilikuwa za uluwa, na aliyezitoa aliwapenda vijana wa nchi yake kwa dhati.

Ni nini kilichozipata? Katika shule nyingi shamba liliwekwa upande mmoja na somo upande mwingine, kazi ya jembe ikageuzwa kuwa adhabu ya mchelewaji, mapato ya mavuno hayakuonekana na waliolima, na juu ya yote mtihani wa mwisho ukabaki ni uleule wa karatasi, usiouliza hata kidogo mtoto alipanda nini, alivuna nini na alijifunza nini katika kuvuna kwake. Jirani zetu wa Kenya nao walipita njia inayofanana na hiyo: mfumo wao wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kwa ushauri wa tume ya Mackay ya mwaka 1981, ulikusudia kumpa kila mtoto stadi za kazi za mikono ili aweze kujitegemea, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala zana, walimu hawakuwa wameandaliwa, na useremala ukaishia kuwa ni michoro ya randa na msumeno katika daftari. Katika nchi zote mbili mtaala ulibadilishwa, na mtihani, ambao ndio unaotawala nia ya mwalimu na mwanafunzi, haukubadilishwa kwa kiasi hichohicho. Mwanafunzi husoma kile atakachoulizwa. Akiulizwa maneno, atahifadhi maneno.

Sasa tuyatazame madarasa ya ujasiriamali ya leo. Mamia ya wanafunzi wa fani mbalimbali huketi katika ukumbi mmoja, wakaandikishwa maana ya mjasiriamali, sifa za mjasiriamali na aina za mitaji. Kisha hupewa kazi ya kuandika mchanganuo wa biashara, ambao aghalabu huandikwa na wawili watatu katika kundi na kutiwa saini na wote, ukieleza faida ya mwaka wa tatu wa mradi wa kuku ambao hapana hata kifaranga mmoja aliyenunuliwa. Na mwishoni hufanya mtihani, wakapata alama, wakasahau. Sitaki kuwalaumu wahadhiri, kwa kuwa wengi wao wamebebeshwa taklifu isiyobebeka. Mtu aliyetoka shule ya msingi hadi shahada ya tatu bila kutoka nje ya uzio wa shule, ambaye hajapata kulala usiku akiwaza deni la msambazaji wala kurudishiwa mzigo ulioharibika, hawezi kulaumiwa kwa kufundisha maneno, kwa sababu maneno ndiyo aliyopewa.

Na hili si dhana tupu, maana liko jaribio lililofanywa kwa uangalifu katika nchi ya Kiafrika yenye tatizo kama letu. Katika mwaka wa masomo wa 2009/2010 serikali ya Tunisia iliwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada kuandika mchanganuo wa biashara mahali pa tasnifu ya kawaida, wakisaidiwa na mafunzo na washauri. Na kwa kuwa walioomba walikuwa wengi, waliochaguliwa walichaguliwa kwa kura, hata ikawezekana kuwalinganisha kwa haki na wenzao waliokosa. Baada ya mwaka mmoja waliopata mafunzo walikuwa wamejiajiri kwa wingi kidogo kuliko wenzao, lakini jumla ya wenye kazi haikuongezeka kwa kiasi cha kutajika. Na baada ya miaka minne hata ile tofauti ndogo ilikuwa imekwisha kupotea. Yamkini misukosuko ya mapinduzi ya mwaka 2011 ilichangia, lakini somo lililobaki ni bayana: mchanganuo ulioandikwa vizuri, hata ukiandikwa chini ya mshauri, haumfanyi mtu kuwa mfanyabiashara wa kudumu.

Hapa kwetu Tanzania liko jaribio jingine, ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Mwaka 2011 kilirushwa katika televisheni kipindi cha Ruka Juu, kilichoandaliwa na shirika la Femina Hip, ambamo vijana wajasiriamali walishindana na watazamaji wakajifunza kutokana nao. Na watafiti wakawafuatilia wanafunzi wa sekondari wa Dar es Salaam waliohimizwa kukitazama. Waliona kwamba kipindi kilifaulu kuamsha hamu: watazamaji, hasa wasichana, walivutiwa zaidi na biashara, ingawa hapakuonekana ushahidi wa kutosha kwamba wenye biashara miongoni mwao waliongezeka. Lakini waliona pia kwamba matokeo yao ya mitihani yalishuka, kana kwamba moyo uliondoka shuleni kabla ya kupata mahali pengine pa kukaa. Sina nia ya kukibeza kipindi kile, kwa kuwa kiliwapa vijana kile ambacho darasa halikuwapa, nacho ni kuwaona watu wa rika lao wakitenda. Ninachosema ni kwamba hamu peke yake, isipofuatwa na mkono wa kuiongoza, humwacha kijana katikati ya njia, akiwa hana masomo wala biashara.

Kuna habari ya tatu, nayo ni ya kutia moyo. Katika jiji la Lomé, nchini Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa katika mafungu matatu: fungu moja halikufunzwa kitu, la pili likafunzwa masomo ya kawaida ya biashara, yaani hesabu, masoko na utunzaji wa kumbukumbu, na la tatu likafunzwa tabia ya kujituma, maana yake kuanza bila kungoja kuamrishwa, kutazama mbele, kutafuta tofauti na wengine na kutokata tamaa kizuizi kinapotokea, tena kwa mazoezi yaliyohusu biashara zao wenyewe za kila siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: faida ya fungu la tatu ilizidi kwa asilimia 30 ile ya wasiofunzwa, ilhali nyongeza ya wale wa masomo ya kawaida ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kuthibitishwa. Watu hawa tayari walikuwa na biashara, na walichofunzwa jana walikitenda leo asubuhi mbele ya wateja wao. Hapo ndipo ilipo siri yote: elimu hii hushika pale inapokutana na muamala wa kweli, wenye fedha ya kweli na hasara inayouma.

Wazee wetu waliifahamu siri hiyo bila kuiandikia utafiti. Katika miji ya mwambao hapana aliyepata unahodha kwa kusikiliza habari za pepo za kaskazi na kusi akiwa ameketi barazani. Aliingia jahazini akiwa mtoto wa kutumwa, akafunga na kufungua kamba, akashika usukani nahodha akiwa macho, na ndipo siku moja akaaminiwa chombo na shehena ya watu. Biashara nayo ilifunzwa kwa mwendo huo, na mpaka leo inafunzwa hivyo nje ya vyuo. Wafanyabiashara waliotoka Makete na kutia fora katika masoko ya Mbeya, Makambako na Kariakoo wana sifa inayojulikana nchi nzima ya kumchukua kijana wa ukoo au wa kijiji, kumweka dukani miaka kadhaa akifagia, akipanga bidhaa, akipokea wateja na kuujua mwenendo wa bei, kisha kumfungulia biashara yake kwa mtaji au kwa mali kauli, yaani mzigo anaopewa kwa kuaminiwa, akauze kwanza ndipo alipe. Kijana huyo hana cheti, lakini anajua mambo matatu ambayo mhitimu wetu hakufunzwa: anajua bidhaa, anajua watu, na yuko mtu mwenye mali ambaye yuko tayari kumdhamini kwa kuwa ameuona uaminifu wake kwa macho yake mwenyewe.

Hatuwezi kumrudisha kila mtu dukani kwa mjomba, wala si kila kijana ana mjomba mwenye duka. Na zaidi ya hayo utaratibu ule una kasoro zake, kwa kuwa humpendelea mwenye ukoo, mara nyingi humwacha nyuma mtoto wa kike, na wako mabwana wanaomtumia kijana miaka mingi wasimpe kitu. Lakini chuo kikuu kinaweza kuuchukua uzuri wa utaratibu ule na kuuondolea dhuluma yake, na nadhani hiyo ndiyo kazi kubwa inayotungoja.

Jambo la kwanza ni walimu. Vyuo viwaite wanaouza na kununua, wenye karakana, wenye viwanda vidogo, wasafirishaji, wasindikaji wa vyakula, wanaume kwa wanawake, hata kama hawana shahada, wawe ni wakufunzi wanaolipwa na kuheshimiwa, wakishirikiana na wahadhiri ambao kazi yao itakuwa kuyapanga na kuyafafanua yale ambayo mfanyabiashara anayajua kwa mkono lakini hana desturi ya kuyaeleza. Mama anayelisha ofisi tatu chakula cha mchana kila siku bila kukosa, akawalipa wasaidizi wake na kusomesha watoto, anastahili kusimama mbele ya wanafunzi kwa taadhima ileile anayopewa profesa, kwa sababu katika jambo hili yeye ndiye mwanazuoni.

Jambo la pili ni wakati. Mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wetu huchukua wiki chache za likizo, na wengi huzimaliza wakiwa wamekaa katika kona ya ofisi wakingoja kutumwa. Mwanafunzi anayetaka kujiajiri apewe ruhusa ya kuufanya mwaka wake wa mwisho kuwa mwaka wa biashara halisi, aiendeshe chini ya mlezi, na mahali pa tasnifu alete daftari la mauzo na manunuzi, madeni aliyodai na aliyodaiwa, kodi aliyolipa, makosa aliyofanya na namna alivyoyarekebisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naona daftari la kijana aliyepata hasara, akaieleza hasara yake kwa uwazi na kuonyesha ilikotokea, lina elimu nyingi kuliko mchanganuo mia wenye faida za kubuni. Kwa hiyo asipewe alama kwa ukubwa wa faida; apewe kwa ukweli wa hesabu na kwa tadbiri aliyoionyesha, maana tukizitahini faida tutafundisha uwongo.

Jambo la tatu ni kuuoanisha ujasiriamali na taaluma ya mtu. Haifai kumfundisha aliyesomea mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ujasiriamali uleule wa jumla anaofundishwa aliyesomea historia, kisha wote wawili wakaishia kufungua vibanda vya kutuma na kupokea fedha vilivyopangana mtaa mmoja. Thamani ya mhitimu imo katika kile anachokijua ambacho wengine hawakijui. Wa mifugo anaweza kuuza huduma ya chanjo na ushauri kwa wafugaji wa kata nzima. Wa uhandisi anaweza kutengeneza mashine za kukamua alizeti na kuzifanyia matengenezo. Wa lugha anaweza kuanzisha kazi ya tafsiri, uhariri na ukalimani, ambayo Kiswahili, kwa kadiri kinavyoendelea kuenea, kitaihitaji zaidi na zaidi. Kijana akianza kutoka katika ilmu yake, miaka yake ya masomo haipotei, na soko analoingia halimkuti na washindani elfu.

Jambo la nne ni mtaji na sheria. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hii ni fadhila kubwa ambayo nchi nyingi hazina. Walakini utaratibu wake umejengwa juu ya vikundi, na mara ngapi tumeona watu waliokusanyika kwa ajili ya mkopo tu, wasiojuana wala kuaminiana, wakagawana fedha na kutawanyika? Mwanafunzi aliyemaliza mwaka mzima wa biashara chini ya mlezi, mwenye daftari lililokaguliwa, aweze kukopeshwa yeye binafsi, daftari lake na neno la mlezi wake vikiwa ndiyo dhamana. Kadhalika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo humkata mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara wake, ingefaa impe aliyeanzisha biashara muhula wa subira mrefu zaidi katika miaka yake ya mwanzo, maana biashara changa ikikamuliwa kabla haijashika hufa, na ikifa hailipi mkopo wala kodi.

Na katika mwaka huo wa kutenda, mwanafunzi afundishwe kuzijua ofisi kwa kuziendea: asajili jina la biashara yake kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, apate namba ya mlipakodi, na kama anatengeneza chakula au sabuni ajue namna ya kupata alama ya ubora kwa Shirika la Viwango. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya kazi hiihii, lina ofisi mikoani, lina mafunzo na lina uzoefu wa nusu karne. Ni jambo la kusikitisha kwamba wahitimu wengi wanatoka vyuoni bila kuukanyaga ukumbi wake hata siku moja.

Najua liko jibu la wale wanaosema kwamba maneno haya yote ya kujiajiri ni hila ya kumtwika kijana mzigo wa serikali, nami nalichukua jibu hilo kwa uzito unaostahili, kwa sababu lina haki ndani yake. Haipendezi hata kidogo kumwambia mwalimu aliyehitimu kwamba afuge kuku, ilhali shule za vijijini zina watoto wengi katika darasa moja na mwalimu mmoja mbele yao; wala kumwambia muuguzi auze nguo za mitumba, ilhali zahanati ina foleni tangu alfajiri. Pale taifa lina kazi ambayo hapana budi ifanywe na lina mtu aliyesomea kazi hiyo, wajibu wa taifa ni kumwajiri, na elimu ya ujasiriamali isifanywe kisingizio cha kuukimbia wajibu huo. Tena si kila mtu ameumbiwa biashara, na biashara nyingi zinazoanzishwa, hapa na ulimwenguni kote, hufungwa katika miaka yake michache ya kwanza. Anayewaambia wahitimu wote wajiajiri anawadanganya baadhi yao, na anayewaambia wote wangoje anawadanganya walio wengi zaidi.

Lakini hoja hiyo haituondolei haja ya elimu hii. Inatuonyesha tu kipimo chake. Hatuhitaji kila mhitimu awe mfanyabiashara. Tukipata katika kila mia moja wachache wanaoijua kazi hiyo barabara, wenye karakana inayokua na duka linaloongezeka, hao ndio watakaowaajiri wenzao waliosomea uhasibu, sheria, ufundi na uandishi. Na hapo ajira itakuwa imepatikana kwa mlango mwingine, ambao serikali haikuufungua kwa kibali cha utumishi bali kwa kulea watu wanaojua kuufungua wenyewe.

Fauka ya hayo, sisi wazazi na jamii kwa jumla tunayo sehemu yetu. Kijana mwenye shahada akionekana gengeni anapima nyanya, watu husikitika kana kwamba wameona maiti, na huuliza kwa sauti anayoisikia yeye mwenyewe kama ndiko alikosomeshewa. Maneno hayo huua biashara nyingi kuliko ukosefu wa mtaji. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Na kijana aliyeamka usiku kwenda kupokea mzigo sokoni, akaulipia, akauuza na kuweka daftari lake sawa, amefanya kitendo cha kiungwana ambacho yafaa kiheshimiwe hadharani kama tunavyoiheshimu barua ya kuteuliwa.

Mtaala mpya wa sekondari ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta mkondo wa amali na somo la elimu ya biashara, ukiwa ni nafasi nyingine ya kulitenda lile ambalo mwaka 1967 lilitajwa vizuri na kutendwa vibaya. Kama mtihani wa somo hilo utauliza tena maana na sifa, basi baada ya miaka ishirini wajukuu wetu wataandika makala kama hii. Kwa hiyo naomba jambo moja ambalo linaweza kuanza mwaka huu, bila sheria mpya wala fedha nyingi: kila chuo kikuu kinachofundisha ujasiriamali kitangaze hadharani, kila mwaka, ni wangapi kati ya wahitimu wake walianzisha biashara, ni biashara ngapi zingali hai baada ya miaka mitatu, na zimeajiri watu wangapi. Chuo kikijua kwamba kitaulizwa maswali hayo matatu mbele ya wazazi na walipakodi, chenyewe kitawatafuta wenye maduka na karakana waje kufundisha, chenyewe kitafungua milango ya SIDO na halmashauri, na chenyewe kitaacha kumpa kijana alama kwa ajili ya kuku asiyekuwapo. Na mzazi anayempeleka mwanawe chuoni, akijaza fomu kwa fedha aliyoipata kwa taabu, ana haki ya kuuliza maswali hayo kabla ya kulipa.